Msumari wa Sufuria Saba

Jumatatu, 12 Agosti 2019

Nimefika Ouro Preto asubuhi na miguu imevimba, baada ya usiku kucha ndani ya basi kutoka Araçuaí. Kwetu, Brazili hiihii, jua hukausha nguo kabla hujamaliza kuzianika. Hapa ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba nilipita mlango wa nyumba mara mbili bila kuuona.

Nyumba inaitwa Sufuria Saba. Ilianzishwa mwaka 1974 na wasichana saba, kila mmoja na sufuria yake, kwa kuwa siku zile nyumba za wanafunzi zilikuwa za wavulana. Leo tumo kumi. Tisa ni wakazi waliokwisha chaguliwa, wa kumi ni mimi, mwanagenzi. Mwanagenzi hana chake. Analala chumba cha mlangoni, anapokea simu, anaosha vyombo ambavyo hakuvichafua, na shingoni anavaa kadi ya jina la utani. Kadi yangu bado tupu.

Baada ya sikukuu ya tarehe kumi na mbili Oktoba, siku ambayo wahitimu wa nyumba hurudi kulala vitanda vyao vya zamani, wakazi watanipigia kura kwa maharage. Punje nyeupe ni ndiyo, nyeusi ni hapana. Nyeusi moja inatosha kunitoa. Nikitolewa sina pengine pa kuweka godoro. Nitarudi kwa bibi kufinyanga vyungu, na jiolojia nitaisoma kwenye udongo wake.

Dada Mkuu ni Rosilene. Cheo hicho ni cha mkazi aliyekaa miaka mingi kuliko wenzake, naye yumo mwaka wa saba. Wanamwita Pasi kwa sababu hupiga pasi hata taulo za jikoni. Funguo zote ziko shingoni mwake. Ameniuliza:

"Unajua kupika?"

"Najua kula, dada."

Msichana mmoja anayeitwa Redio alicheka mpaka akashika ukuta. Pasi hakucheka. Alisema, "Tutaonana mwezi wa kumi."

13 Agosti

Baridi. Nimelala na soksi mbili na taulo.

20 Agosti

Leo nimeanza kukariri ukuta. Kila mkazi anayehitimu hutundikwa picha yake kwenye ukumbi, na siku hiyohiyo anaacha kuwa mkazi. Picha ziko mia moja na nane. Mhitimu akibonyeza kengele, ni mwiko kumuuliza jina. Mwanagenzi anamtazama usoni na kumtaja: jina, jina la utani, mwaka, mji wa kwao. Ukikosea, yeye anabaki nje na wewe unaimba hadi akusamehe. Nikiimba mimi, hakuna atakayesamehe.

Halafu nimehesabu zile sufuria za waanzilishi zilizoning'inia juu ya jiko. Ziko sita. Nikamuuliza Redio ya saba iko wapi. Akasema, "Si hicho kichwa chako."

23 Agosti

Nimemtaja msoma mita ya maji kuwa ni mhitimu wa 1992 kutoka Juiz de Fora. Amekubali, ameingia, amekunywa kahawa na mikate mitatu ya jibini. Naimba kesho.

2 Septemba

Hisabati imenishinda. Sukuma wiki siku ya nne mfululizo.

Jumamosi, 7 Septemba

Sikukuu ya Uhuru, chuo kimefungwa. Pasi ameamuru ukumbi upakwe rangi kabla mvua hazijaanza, na anayepaka anajulikana. Nikafurahi. Nilijiambia kwamba leo ndiyo nafasi ya kuonyesha kazi.

Niliteremsha picha zote mia moja na nane, nikaandika namba nyuma ya kila moja, nikazifunika kwa shuka. Kwenye safu ya kwanza, kati ya picha mbili za mwaka 1978, palikuwa na msumari mtupu. Mkubwa, wa kizamani, umepakwa rangi juu ya rangi mpaka umenenepa. Nilichukua koleo nikaung'oa. Nilikandika tundu, nikapiga msasa, nikapaka rangi. Huwezi kujua kama pamewahi kuwa na kitu. Nimeandika haya nikisubiri chakula, na mikono inanuka tapentaini. Nadhani hata Pasi atasema kitu kizuri.

Jumapili, 8 Septemba

Pasi amesema kitu, lakini si kizuri.

Jana jioni Redio alipita ukumbini na sahani mkononi, akasimama, akarudi nyuma hatua mbili.

"We mtoto. Msumari uko wapi?"

"Msumari gani?"

"*Msumari*."

Vijiko vikawekwa mezani. Wakatoka wote, mmoja mmoja, wakasimama kuutazama ukuta wangu safi. Mmoja alishika kichwa. Nilitoa msumari mfukoni, nikauweka kwenye kiganja cha Pasi. Ulikuwa umepinda kidogo.

"Samahani. Sikujua. Ulikuwa wa nini?"

"Hauguswi," akasema Pasi.

"Sawa, lakini kwa nini?"

"Kwa sababu hauguswi."

Niliwatazama wote tisa, na hapo ndipo nilipogundua jambo la ajabu: hakuna aliyejua. Kila mwanagenzi ameambiwa na aliyemtangulia kwamba msumari hauguswi. Miaka zaidi ya arobaini wamepaka rangi wakiuzunguka kwa heshima zote, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza.

Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu la pili, na kubwa kuliko la kwanza.

Hukumu imetolewa leo baada ya kahawa. Nitawapigia simu wahitimu mmoja mmoja, kuanzia wadogo kwenda kwa wakubwa, maana wazee hawasumbuliwi kwa upuuzi, hadi nimpate anayejua. Sababu ikijulikana, msumari utarudi mahali pake. Isipojulikana kabla ya sikukuu, Pasi amesema ana punje moja nyeusi na anajua pa kuitia. Alisema bila hasira, akikunja taulo. Kisha akachukua kalamu na kuandika kwenye kadi yangu: NYUNDO.

"Nilitumia koleo," nikasema.

"Nyundo," akasema.

Nina hasira naye. Mtu gani anayeweza kumfukuza mwenzake kwa ajili ya kipande cha chuma kisicho na kazi?

11 Septemba

Simu kumi na nne. Mhitimu wa 2015 anasema msumari ni wa kutundika mtakatifu aliyeibwa. Wa 2013 anasema unasubiri picha ya mkazi wa kwanza atakayekuwa rais. Wa 2012 anasema usiku huwa unasogea. Huyo hata nyanya anaziogopa, kwa maelezo ya Redio.

15 Septemba

Simu ishirini na mbili. Nilidhani watanikatia. Badala yake mimi ndiye ninayeshindwa kukata. Wote wanauliza mambo yaleyale: dirisha la chumba cha tatu bado linakwama? Nani analala kitanda changu? Yule kasisi wa kanisa la jirani bado anapiga kengele kabla ya wakati? Mmoja, hakimu huko Vitória, aliniomba nibonyeze kengele ya mlango na kuelekeza simu huko ili aisikie. Nikabonyeza. Akaomba mara ya pili, kisha akasema ana kesi, akakata.

Msumari hawaujui. "Hauguswi," wanasema wote, tena kwa sauti ya Pasi.

19 Septemba

Cleonice wa 1996 anafundisha hisabati Viçosa. Aliniuliza mbona sauti imechoka, nikamwambia kuhusu mtihani. Akasema, "Chukua karatasi." Tulikaa kwenye simu saa moja na nusu. Nimeelewa mengi ndani ya muda huo kuliko mwezi wote wa darasani. Kuhusu msumari, hajui lolote.

Nikipita ukumbini siku hizi nawaamkia. Zamani zilikuwa picha za kukariri, sasa kila moja ina sauti yake.

24 Septemba

Mvua ya kwanza. Paa la ukumbi linavuja palepale linapovuja kila mwaka, juu ya safu ya miaka ya themanini.

Nilikimbia na ndoo, nikamkuta Pasi ameshanitangulia. Amesimama juu ya kiti, anashusha picha moja baada ya nyingine na kuzifuta kwa upindo wa shati lake alilolipiga pasi asubuhi. Alikuwa anaongea nazo. "Njoo huku, Kizibo. Na wewe, Sindano, usilie, ni maji tu." Hakuniona. Nilirudi nyuma na ndoo yangu.

Nilimuuliza Redio. Akaniambia Pasi amemaliza kuandika kazi yake ya mwisho ya chuo tangu mwaka jana. Iko kabatini, imefungwa kwa utepe. Haipeleki.

"Akiipeleka anahitimu. Akihitimu anatundikwa. Akitundikwa si mkazi tena, anakabidhi funguo na kuondoka. Mama yake alikufa yeye akiwa mwaka wa pili, Nyundo. Nyumbani kwake ni hapa."

Mimi nilikuwa nimemwona jiwe. Kumbe sote wawili tunaogopa kubebeshwa godoro.

26 Septemba

Simu tisa. Zimebaki za zamani, na nyingi hazipatikani. Nimefaulu mtihani wa hisabati.

Jumamosi, 28 Septemba

Namba zote za waanzilishi kwenye daftari la simu la nyumba zimekufa, ila mhitimu mmoja wa 1981 aliahidi kupeleka ujumbe. Leo saa nne asubuhi simu ililia, na sauti nzito ya mtu aliyezoea kuamuru migodi ikasema:

"Mimi Marluce wa Belo Horizonte. Nani ameng'oa msumari?"

"Mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa mkono au kwa nyundo?"

"Kwa koleo."

"Bora. Nyundo ingebomoa ukuta." Akavuta pumzi. "Huo msumari ni wa Zuleide."

Akanisimulia. Walikuwa saba. Mwaka 1977 Zuleide, ambaye ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote, alipata telegramu kwamba mama yake amepooza na wadogo zake watano hawana wa kuwapikia. Siku hiyo mpishi hakuwepo na ilikuwa zamu yake jikoni. Aliepua sufuria ya maharage, akaifunga kwa taulo, akapanda nayo basi kwa kuwa hakuwa na chakula kingine cha kuwapelekea. Alisema atarudi wiki ijayo.

"Wiki ikawa mwezi. Tulimwandikia, barua zikarudi, walikuwa wamehama. Sisi sita tulihitimu, tukatundikwa, tukapiga msumari wa saba. Tukawaambia wadogo zetu: hauguswi mpaka mwenyewe arudi. Tulidhani ni mwaka mmoja hivi."

"Mbona hamkuwaambia ni wa nani?"

"Tuliona vibaya kutangaza shida za nyumbani kwake. Ujinga wa usichana. Na sasa mimi ni bibi kizee na sijui kama yuko hai."

Nilimpelekea Pasi habari hiyo huku nakimbia. Alisikiliza hadi mwisho, akakaa chini kwenye ngazi.

"Basi urudishe," akasema.

"Kwa hiyo nimesalimika?"

"Nilisema sababu ikijulikana. Imejulikana." Halafu, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea: "Lakini nani atavumilia kuutazama sasa?"

Hatukuurudisha. Nimeubandika hapa kwenye shajara kwa utepe, na kila nikifunga daftari unanichoma kidole.

30 Septemba

Naandika haya bado nikicheka, na aibu imenijaa.

Jikoni kwetu anapika Efigênia, ambaye kwa heshima tunamwita Dona Efigênia, miaka thelathini sasa, na kabla yake alipika mama yake. Asubuhi nilikuwa namenya vitunguu nikilalamika kwamba tumemaliza daftari zima na Zuleide hayupo, hata jina lake la ukoo la sasa hatulijui.

"Zuleide yupi? Zu wa Curvelo?"

Kisu kiliniponyoka.

"Kila Desemba anatuma kwa posta kifurushi cha halua ya mapera. Alianza kumletea mama yangu, mama alipofariki akaendelea kuniletea mimi. Mnaila nyinyi kila Krismasi, tena mnalamba na karatasi."

"Dona Efigênia, nimepiga simu wiki tatu. Nimepiga mpaka Ureno."

"Nilikuona."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nani aliniuliza?" Akapindua mwiko. "Kutoka kwenye simu mpaka hapa jikoni ni hatua nane. Mmezunguka dunia."

Pasi alikuwa mlangoni, amesikia yote. Alikwenda akambusu Dona Efigênia shavuni na kuomba radhi kwa niaba ya nyumba. Kisha akapiga pasi taulo kumi na mbili.

1 Oktoba

Nimempigia Zuleide. Namba alinipa Dona Efigênia, na nimeikosea mara mbili.

Nilijitambulisha. Akasema anaifahamu nyumba, hongera kwa kuingia, Efigênia hajambo? Amestaafu upishi wa shule ya msingi. Nikamwambia sikukuu ni Jumamosi wiki ijayo, na Dona Marluce atakuja.

"Wasalimie. Mimi siji, mwanangu. Siku ile ni ya wahitimu, na mimi sikuhitimu. Nikibonyeza kengele mtanitajaje? Ukutani sipo."

Nikasema ukweli. "Mama, mimi nipo kwenye matatizo kwa sababu ya msumari wako."

"Msumari gani?"

Nikaeleza. Kwamba waliupiga sita, kwamba umepakwa rangi mara kumi na tano, kwamba wasichana waliozaliwa miaka ishirini baada ya yeye kuondoka wamekuwa wakiulinda bila kujua wanamlinda nani.

"Upo mpaka leo?"

"Ulikuwepo mpaka nilipoung'oa."

Kwanza alilia. Halafu akaanza kucheka, na akacheka mpaka nami nikacheka. Aliposhindwa kuongea alikata simu. Hakusema atakuja.

4 Oktoba

Mvua. Hajapiga.

7 Oktoba

Mvua. Hajapiga. Redio ameweka ndoo ya tatu.

10 Oktoba

Mvua. Tumefua shuka za wahitimu na hazikauki. Pasi anazikausha kwa pasi moja moja. Nimekwenda kumsaidia kukunja. Alinifundisha pembe, nikaikosea, akaniambia nina mikono ya mchimba kaburi. Nilijisikia vizuri sana.

Ijumaa, 11 Oktoba

Wahitimu arobaini na mmoja. Nimewataja wote isipokuwa mmoja aliyepaka nywele rangi ya machungwa. Nimeimba. Amenisamehe kwenye mstari wa kwanza, akisema masikio yake ni ya bei ghali.

Dona Marluce ni mfupi, nilimtarajia mrefu. Amefika, ametazama pale palipokuwa na msumari, amenipiga kofi dogo la shavu, ameingia.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mchana, nyumba imejaa hadi ngazini. Wakazi tumewaachia vitanda, mizigo yetu iko chini ya meza. Dona Efigênia alikuwa akikaanga vitunguu saumu, mvua inanyesha, kengele ikalia.

Nikafungua. Mwanamke mrefu, koti la plastiki, kitambaa kichwani. Amekumbatia kitu kilichofungwa kwa taulo. Nilimtazama usoni kama nilivyofundishwa, na uso huo haukuwa ukutani. Alisubiri. Macho yake yalikuwa ya mtu aliye tayari kugeuka na kurudi kituo cha basi.

Nikasema kwa sauti ili ndani wasikie, "Zuleide, Zu, wa Curvelo. Mwaka haujaandikwa."

Dona Marluce alijipenyeza katikati ya watu, bakuli mkononi, akasimama mbele yake. Miaka arobaini na miwili. Wakatazamana.

"Zu," akasema, "leo zamu yako kupika. Tumekaa na njaa."

"Sufuria ilikuwa kwangu," akajibu Zuleide, na kufungua taulo.

Ilikuwa nyeusi tii, mkono mmoja umeungwa kwa waya. Amewapikia wadogo zake ndani yake, kisha wanawe watatu. Sijui nani alianza kulia, ila Redio ndiye aliyelia kwa sauti kubwa zaidi, na yeye hayakumhusu. Wanawake wale wawili walikwenda jikoni wakakaanga maharage kwa unga wa muhogo na mayai, wakibishana chumvi, na Dona Efigênia kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini alikaa kwenye kiti jikoni mwake mwenyewe.

Alasiri mtu alileta kamera. Wakataka kumpiga Zuleide picha, waiweke fremu, waitundike leo hii. Alikataa.

"Sikumaliza chuo. Msinitundike kwa huruma."

Vitanda vyote ni vya wahitimu na Pasi aligeuzageuza orodha yake bila kuona kanuni ya kumsaidia, akaumia, nilimwona. Zuleide akasema atalala kwangu, chumba cha mlangoni. Tumegawana godoro. Nimemweleza mambo mengi, hata alipoanza kukoroma sikuacha. Pengine mengi mno. Kesho asubuhi ni kura.

Jumapili, 13 Oktoba

Nitaandika taratibu, nisije nikasahau.

Kura hupigwa mezani jikoni, wahitimu wamesimama wakitazama, hawana sauti. Mwaka huu Pasi alisema punje zitiwe kwenye sufuria ya saba. Mimi niligeuzwa uso ukutani, nikakaa nasikia tu. Tik. Tik. Nilihesabu. Ya tisa ilichelewa, nikajua ni ya Pasi, maana yeye hupiga kura mwisho. Tik. Nikashusha pumzi. Kisha nikasikia tik nyingine.

"Geuka," akasema Pasi.

Akamimina. Nyeupe, nyeupe, nyeupe. Nilitafuta nyeusi hadi macho yakauma. Pasi alikuwa akizihesabu kwa kidole, akarudia, uso umekunjamana.

"Ziko kumi. Wakazi tuko tisa. Nani ametia mbili?"

"Moja ni yangu," akasema Zuleide. Alikuwa anachuja kahawa, hata hakugeuka.

"Mama, utaniwia radhi." Pasi alisema kwa adabu yote. "Wahitimu hawapigi kura."

"Mimi si mhitimu."

Kanuni za nyumba ziko mlangoni pa jiko, ameziandika upya mwenyewe bila kubadilisha hata nukta. Tulimtazama wote akizisogelea na kuzisoma, midomo ikichezacheza. Kisha akasoma kwa sauti:

"Aliyechaguliwa ni mkazi hadi siku picha yake itakapotundikwa."

"Yangu haijatundikwa," akasema Zuleide. "Kwa hiyo nilitoka mara moja tu. Nimekawia, nakiri."

Dona Marluce alianza kucheka kwa pua. Lakini Pasi hakuwa amemaliza, maana Pasi akianza kanuni huifikisha mwisho hata ikimuumiza yeye.

"Kanuni ya pili," akasoma. "Dada Mkuu ni mkazi aliyekaa miaka mingi kuliko wote." Akapiga hesabu. "Arobaini na mitano."

Akavua funguo shingoni. Miaka saba hakuna aliyewahi kumwona bila zile funguo. Alizivisha shingoni mwa Zuleide na kurudi nyuma hatua moja, shingo yake wazi.

"Haya," akasema Zuleide. "Amri ya kwanza. Kuna kazi ya chuo imefungwa kwa utepe kabatini. Wiki hii iende kwa mwalimu."

Kumbe kukoroma kote kule alikuwa anasikiliza.

Pasi aliniangalia kwa jicho la kuua. Kisha akasema polepole, "Nikiipeleka nitatundikwa."

"Utatundikwa. Na utabonyeza kengele, na utafunguliwa. Mimi niliogopa mlango huu miaka arobaini na miwili, mwanangu, na watu walikuwa wakipaka rangi kuzunguka msumari wangu. Usiwe mpumbavu kama mimi, wewe una akili." Akavua funguo, akamrudishia. "Amri ya pili. Mimi naishi mbali, kwa hiyo unakaimu."

Pasi alimkumbatia, akakaa hapo muda mrefu. Mimi nilibaki nimesimama na kadi yangu shingoni, hadi Redio alipokumbuka na kuikata uzi kwa kisu cha nyama.

Nimeurudisha msumari, safari hii kwa nyundo. Zuleide alinishikia kiti. "Usiukaze sana," akasema. "Huenda siku moja nikamaliza."

17 Oktoba

Pasi amepeleka kazi yake. Amerudi, amepiga pasi mapazia.

6 Novemba

Orodha mpya ya zamu imebandikwa. Alhamisi, vyombo: Zuleide. Nimempigia kumtania. Akasema Alhamisi haimfai, lakini mwanagenzi wa zamani anaweza kumsaidia. Nimesaidia. Sufuria saba.

Jumamosi, 14 Desemba

Pasi ametundikwa leo. Nimempigia msumari mimi, kwa ombi lake, na ameupima kwa rula mara tatu. Kwenye picha amepiga pasi mpaka utepe wa nywele. Zuleide amekuja kwa basi la asubuhi, amemkabidhi Redio funguo za kukaimu, na ameleta halua ya mapera kwa mkono badala ya posta.

Halafu Pasi alichukua begi lake. Alituaga mmoja mmoja bila machozi, akatoka, akafunga mlango. Tulisimama ukumbini tukisikiliza viatu vyake kwenye mawe ya mtaa. Vilikwenda hatua kama tano, vikasimama. Mvua ilikuwa imekatika.

Kengele ikalia.

Wote waligeuka kunitazama, maana mwaka huu mwanagenzi mwingine hakuna. Nilifungua. Alisimama na begi lake, ameinua kidevu, na jicho jekundu. Nilimtazama usoni kwa muda, kama simjui.

"Rosilene Quintão," nikasema. "Pasi. 2019. Muriaé."

"Na taulo za jikoni?"

"Zimekunjamana, dada."

"Nilijua," akasema, akaingia.